Ada Isiyokoma na Ufunguo Uliopotea



Yanipasa kuanza kwa kukiri kosa, maana jambo ninalotaka kulijadili limetupata sisi wenyewe katika ofisi ya parokia, na kwa sehemu tulijitakia.

Halmashauri ya Walei ilikubali tutumie programu ya kompyuta ya kupangia kurasa za kijarida chetu na karatasi za nyimbo. Siku hizi programu za namna hii haziuzwi kama jembe, ambalo mtu hulilipia mara moja likawa lake. Mwezi Mei 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani, ambayo programu zake zinajulikana sana kwa wachapaji, ilitangaza kwamba matoleo yake mapya yatapatikana kwa kulipia ada tu, na kampuni nyingine nyingi zimeshika njia hiyo. Mtumiaji huandikisha kadi yake ya benki, na tangu siku hiyo kampuni hujikatia ada kila mwezi pasipo kumwuliza tena, mpaka atakaposema basi. Programu yetu ilitoka kwa kampuni nyingine, ambayo sina haja ya kuitaja.

Kijana mmoja wa VIWAWA, mwenye moyo wa kujitolea, ndiye aliyetufungulia akaunti. Kadi ilikuwa ya parokia, bali barua pepe na namba ya simu zilikuwa zake, kwa sababu ofisi haikuwa na barua pepe yake yenyewe. Baadaye akapata kazi mkoa mwingine. Simu yake ikaibiwa, laini ikafungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, na barua pepe ile ikawa haifunguki pasipo namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini hiyo hiyo. Neno la siri la programu hakuna aliyelikumbuka. Kompyuta nayo ilikwisha kuharibika, nasi tukarudia kupanga kijarida kwa njia ya zamani, tukidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mhazini alipopitia taarifa ya benki mwishoni mwa mwaka, alikuta ada imekatwa mara 11, kwa dola. Katika kikao cha kamati ya fedha mjumbe mmoja alisema neno ambalo wengine walikuwa wakiliwaza: kwamba kijana yule anaendelea kutumia programu huko aliko kwa sadaka za wajane. Nilinyamaza, nami ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikao. Habari zilimfikia kijana, naye akasafiri siku nzima kwa basi kuja kujieleza.

Mwezi Januari tuliiandikia kampuni kwa barua pepe mpya ya ofisi, tukaeleza yote, tukaomba ada isitishwe. Jibu lilikuwa fupi: ingia kwenye akaunti yako, kisha chagua kusitisha. Tukaandika tena kwamba kuingia ndiko kunakoshindikana. Jibu likaja lile lile, neno kwa neno.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Ndani ya akaunti ya namna hii mna mambo mawili ambayo kampuni huyafunga kwa kufuli moja, nayo hayafanani. La kwanza ni mali ya mtumiaji: maandishi yake, picha zake, kazi yake. Haya yafaa yalindwe kwa neno la siri, na asiye na ufunguo asiyaguse. La pili ni idhini ya kukata fedha. Idhini hii haikutoka ndani ya akaunti. Ilitoka kwa mwenye kadi, na fedha zenyewe zimo katika benki yake. Aliyetoa ruhusa anayo haki ya kuiondoa. Kampuni haihitaji neno letu la siri ili ichukue ada kila mwezi. Basi kwa nini sisi tudaiwe neno hilo ili isichukue?

Watetezi wa kampuni husema kwamba kufuli linamlinda mteja dhidi ya mlaghai atakayejifanya ndiye. Hoja hii ina uzito kwa lile jambo la kwanza. Kwa la pili ni nyepesi. Mlaghai gani atajisumbua kunisitishia ada? Hata akifanya hivyo, hasara ni ndogo, nami naweza kujiandikisha upya siku ya pili yake. Mwenye kadi aweza kujithibitisha kwa namba nne za mwisho za kadi, tarehe ya makato na kiasi kilichokatwa, mambo ambayo kampuni yenyewe inayo katika daftari zake.

Wala sisemi jambo lisilowezekana. Nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2022, mfanyabiashara anayefunga na wananchi mikataba ya malipo ya kuendelea kwa njia ya intaneti sharti aweke kwenye kurasa zake kitufe cha kuvunjia mkataba, kinachofikika kwa urahisi wakati wote. Asipokiweka, mteja aweza kuvunja mkataba wakati wowote bila notisi. Na mwaka huo huo mahakama ya mjini Köln iliamua kuwa ni kosa kumdai mteja neno la siri kabla ya kumfikisha kwenye ukurasa huo. Jina lake, alama ya kutambulisha mkataba na anwani ya kupelekewa uthibitisho vyatosha. Ndicho ninachokidai: mlango wa kutokea uwe nje ya kufuli.

Marekani wamekwenda kwa kusuasua. Juni 2024 serikali iliishtaki Adobe, ikidai kwamba ilificha faini ya kuvunja mkataba mapema na kuweka vikwazo kwa wateja wanaotaka kuondoka. Oktoba 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilipitisha kanuni kwamba kusitisha kuwe rahisi kama kujiandikisha. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta, kwa sababu Tume iliruka hatua mojawapo ya utaratibu.

Kuna njia nyingine isiyopitia kwa kampuni kabisa, nayo ni benki. Huko Uingereza mwenye kadi aweza kuiambia benki yake kwamba ameondoa idhini ya malipo ya kujirudia, na benki hairuhusiwi kumjibu kwamba akamalizane kwanza na kampuni. Kwetu Tanzania, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ipokee na kushughulikia malalamiko ya mteja, na asiyeridhika hupeleka lalamiko Benki Kuu yenyewe. Laiti kanuni zetu zingetamka waziwazi kama za Waingereza! Wapo kati yenu wafanyao kazi katika mabenki. Nawaomba msimrudishe mtu dirishani kwa neno la "wasiliana na kampuni" hali amekwisha kuwasiliana nayo mara tatu.

Sisi tulipokwenda benki tuliomba jambo lisilo sahihi. Tuliomba kadi mpya. Tukapewa mwezi Februari, na mwezi Machi ada ikakatwa kwenye kadi hiyo mpya! Nilidhani ni mazingaombwe. Kumbe Visa na Mastercard zina huduma ambayo benki zilizojiunga nayo hupeleka habari za kadi mpya kwa wafanyabiashara waliokuwa wakikata kwenye ile ya zamani, ili malipo yasikatike. Kwa hiyo mtu asiseme tu "nibadilishieni kadi". Aseme kwa maandishi kwamba anaondoa idhini ya kampuni fulani kukata fedha, alitaje jina lake kama linavyosomeka kwenye taarifa ya benki, na aombe makato yanayofuata yazuiwe.

Hata hivyo barua kwa kampuni isiachwe, hata kama mnajua watajibu nini. Kuzuia makato benki hakuvunji mkataba. Kampuni yaweza kudai kwamba deni bado lipo, na barua yenye tarehe ndiyo ushahidi kwamba mlikwisha kuukataa. Humo msiandike namba yote ya kadi, zile nne za mwisho zatosha. Na fanyeni haraka, kwani muda wa kupinga makato yaliyokwisha kufanyika una ukomo. Kwa kadi za Visa kwa kawaida ni siku 120. Wale waliojiandikisha kupitia duka la Google au la Apple wajue kwamba kuifuta programu kwenye simu hakusitishi ada yake.

Nazikumbuka pia familia zilizofiwa. Baba anazikwa na maneno yake ya siri, nao makato yanaendelea kwenye kadi ambayo mama hajui hata ilisajiliwa wapi. Katika jumuiya, wale wanaomsindikiza mjane kwenye mambo ya mirathi na wamsaidie kuisoma taarifa ya benki, mstari kwa mstari.

Kwa upande wetu, ofisi sasa ina barua pepe yake, na liko daftari linaloonyesha kila ada inayojirudia, tarehe yake na kadi inayokatwa. Watu wawili hulitunza. Mwezi Aprili, tulipoandika ombi kama nilivyoeleza, makato yalikoma. Benki ilipinga kwa niaba yetu makato ya Februari, Machi na Aprili, yaliyofanyika baada ya barua yetu ya Januari, nayo yakarudishwa. Yale 11 ya mwanzo yamepotea. Kijana yule nilimwandikia mwenyewe barua ya kumwomba radhi, na nakala yake ilisomwa mbele ya kamati ile ile ya fedha.