Bei ya trekta kuukuu ipimwe kwenye rejeta, siyo kwenye rangi

Soko la matrekta yaliyotumika lina kasoro moja ambayo wauzaji wanaifahamu vyema na wanunuzi wengi hawaifahamu: bei hupangwa kwa macho. Rangi mpya, matairi ya nyuma yenye meno na kiti kilichoshonwa upya hupandisha thamani, wakati kitu kinachoamua kama mtaji utarudi, yaani hali ya injini na mfumo wake wa kupoza, huachiwa maneno ya dalali. Wakati umefika kwa wanunuzi kuubadili utaratibu huo.

Hasara yenyewe si ndogo. Chukua mfano wa mwekezaji anayenunua trekta ili alimie watu kwa malipo ya ekari, katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Iringa, Mbeya na Rukwa, ambako mvua huanza Novemba. Tuseme trekta lake linalima ekari 6 kwa siku kwa siku 40, sawa na ekari 240. Likilala gereji siku 12 kwa sababu injini inachemsha, ekari 72 zimekwenda, ambazo ni asilimia 30 ya mapato ya msimu. Marejesho ya mkopo na mshahara wa dereva havipungui kwa siku hizo, na wakulima waliokuwa wakisubiri huwa wamekwishampata mwingine.

Hata hivyo, si kweli kwamba trekta la zamani ni biashara mbaya. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, bado linalima hadi leo. Injini yake ya dizeli aina ya Perkins yenye silinda 3 na ujazo wa lita 2.5 haina umeme wa kutatanisha, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuifunga. Tatizo ni kwamba matrekta mawili ya aina hiyo, yenye sura moja na bei moja, yanaweza kutofautiana kwa gharama ya injini nzima.

Neno linalosumbua zaidi sokoni ni "linachemsha". Mnunuzi mwoga akilisikia hukimbia. Mnunuzi asiyejali huambiwa kwamba ni kawaida ya matrekta ya zamani naye akakubali. Wote wawili wanakosea. Kuchemsha ni dalili, siyo ugonjwa, na chanzo chake chaweza kuwa mkanda wa feni uliolegea au silinda hedi iliyopasuka. Anayeweza kutofautisha hayo mawili ndiye anayepata faida.

Ukaguzi uanze na vitu vya bei ndogo. Mapezi ya rejeta yakizibwa na makapi na vumbi, hewa haipiti, na dawa yake ni kusafisha tu. Mkanda wa feni uliolegea huteleza, feni na pampu ya maji zikapunguza mzunguko. Mpira wa chini wa rejeta ukilainika hunywea injini inapokwenda mbio na kuzuia maji. Mfuniko wa rejeta nao si wa kudharauliwa. Mfuniko wa shinikizo la paundi 7 hupandisha kiwango cha mchemko wa maji kwa zaidi ya nyuzi 10 za Sentigredi. Mbeya, ambako ni kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Trekta lililofungwa kitambaa au gunzi mahali pa mfuniko litachemsha huko hata kama injini ni nzima.

Baada ya hapo ndipo gharama hupanda. Pampu ya maji iliyochoka huvuja kwenye tundu lake la chini au hucheza feni inapotikiswa kwa mkono. Rejeta iliyoziba kwa magadi ya maji ya kisima hutambulika kwa kuipapasa baada ya kuzima injini: sehemu moja ina moto, nyingine ni baridi. Mkono upite kwenye mapezi tu. Mfuniko usifunguliwe kabla injini haijapoa, kwani maji yenye shinikizo huunguza vibaya.

Dalili za hasara kubwa ni tatu. Ya kwanza ni mapovu yanayotoka mfululizo ndani ya rejeta mara injini ya baridi inapowashwa. Hiyo ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi iliyoungua au ufa. Ya pili ni oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, ishara kwamba maji yameingia. Ya tatu ni maji kupungua kila siku bila kuonekana yanakovujia. Mnunuzi akiona mojawapo, akokotoe bei kana kwamba injini itafunguliwa, au aondoke.

Injini yenyewe nayo husema. Moshi wa buluu usiokatika ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni dizeli iliyozidi au hewa iliyopungua. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto huhitaji maelezo. Mfuniko wa kujazia oili ukifunguliwa injini ikiwa inanguruma, na moshi ukasukumwa nje kwa nguvu, ringi na silinda zimelika.

Ipo pia hila ambayo wanunuzi wanapaswa kuikataa waziwazi. Baadhi ya mafundi huondoa thamostati ili trekta "lipoe". Kwa kufanya hivyo injini huchelewa kufikia joto lake, dizeli isiyoungua huchuruzika kwenye oili, na silinda hulika mapema. Kibaya zaidi, geji hubaki chini trekta linapoonyeshwa likiwa limesimama, na ubovu hujitokeza shambani. Kukosekana kwa thamostati kuwe sababu ya kuuliza muuzaji alikuwa anaficha nini.

Kwa hiyo masharti ya ununuzi yawe mawili. Kwanza, injini iwe baridi mnunuzi anapofika. Dizeli yenye kompresheni hafifu huwaka kwa shida asubuhi, na muuzaji anayeitangulia kuiwasha ana sababu. Pili, trekta lilime kwa saa moja likiwa na jembe ardhini, geji ikiangaliwa, kabla ya fedha kutolewa. Wauzaji watalalamikia gharama ya dizeli. Mnunuzi ailipe mwenyewe. Ni bima ya bei nafuu kuliko zote sokoni.

Vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha kwa dhamana ya trekta vingefaidika vikidai jaribio hilo kwa maandishi. Dhamana inayochemsha hailipi deni.

Kwa mwenye fedha mkononi kabla ya mvua, ushauri ni huu: trekta linalochemsha kwa sababu ya mkanda, mfuniko au makapi ni la kununua, tena kwa bei ya ubovu. Lenye mapovu kwenye rejeta, hata liwe limepakwa rangi jana, aachiwe mwenyewe.