MAJI KWANZA, NYUNDO BAADAYE

Ndugu wafanya kazi wa ujenzi,

Hapa Rongai nyumba za mawe zilizojengwa zamani na masetla zinabomolewa au kufanywa upya. Kazi hiyo yatupa riziki. Lakini kila tubomoapo ukuta twameza vumbi tangu asubuhi hata jioni, na mtu akikohoa nyapara humwambia, "Hilo ni vumbi la kazi." Sisi twasema hapana. Vumbi hilo ni dalili ya kazi iliyofanywa vibaya.

Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Baya zaidi ni lile jembamba lisiloonekana kwa macho, litokalo katika mawe, saruji na plasta, lenye silika ndani yake. Hilo hufika mpaka ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosi, nao hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye silikosi hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko mwingine. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vumbi hilo huleta pia saratani ya mapafu.

Kinga yake ya kwanza ni maji. Lowesheni ukuta kabla ya kuupiga nyundo, na mwendelee kuulowesha. Mashine ya kukatia mawe ipate maji inapokata. Kifusi kisitupwe kutoka juu, kiteremshwe kwa ndoo. Msifagie pakavu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi jembamba. Takeni barakoa za N95. Jioni badilisheni nguo kabla ya kumpakata mtoto. Na paa likiwa la asbesto, msiliguse: simamisheni kazi, waitwe wenye kibali cha NEMA.

Mtatujibu: "Wakati wa kiangazi maji ni ya kununua, na kibarua wa kutwa akidai mengi, kesho huitwa mwingine." Ni kweli, nasi twaijua njaa. Ndiyo sababu jambo hili lisingojewe mpaka kibarua yuko peke yake mbele ya ukuta. Fundi anapopatana bei na mwenye nyumba, ahesabu saruji, misumari, mitungi ya maji na barakoa, yote pamoja. Mafundi wote wa mji wakiweka maji katika bei zao, hakuna atakayenyimwa kazi kwa ajili ya maji.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tena yasema mfanya kazi akitoa habari ya hatari kubwa, asirudishwe mahali pale mpaka hatari iondolewe. Basi tukidai hayo hatuombi hisani.

Neno la mwisho ni kwetu sisi mafundi wenyewe. Mara nyingi fundi husimama nje kwenye upepo, na msaidizi wake, kijana wa juzi, huachwa ndani akibomoa na kufagia. Kijana huyo hana sauti ya kudai. Tukimnyima barakoa leo, tusije kumlaumu mwajiri peke yake siku kijana atakaposhindwa kupanda ngazi.

Ndugu, kabla ya nyundo ya kwanza ulizeni: maji yako wapi?