Mlinzi wa Mtandao Apimwe kwa Mikono Yake

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka huibuka ubishi uleule. Kijana anayetaka kazi ya usalama wa mitandao aende chuo kikuu kwa miaka mitatu au minne, au ajifungie na kompyuta yake, ajisomee, na aingie sokoni mapema? Wenye shahada huwadharau waliojisomea na kuwaita mafundi wa kubahatisha. Waliojisomea huwacheka wenye shahada na kuwaita mabingwa wa kukariri. Mimi ni mhadhiri, na ningetarajiwa kuitetea kambi ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Sitafanya hivyo, wala sitahamia ya pili. Hoja yangu ni kwamba ubishi huu unatupotezea muda, na unawafaa wale tu wasiotaka kuulizwa swali gumu zaidi: ni nani anayempima mlinzi wetu, na anampima kwa kumtaka afanye nini?

Tuanze na ushahidi. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Aliyezuia uenezi wake ni Marcus Hutchins, Mwingereza wa miaka 22 asiye na shahada, aliyejifundisha kazi hiyo mwenyewe. Alipoichambua programu ile aligundua kuwa ilikuwa ikiulizia anwani moja ya mtandaoni isiyomilikiwa na mtu. Akaisajili kwa dola chache, na programu ikaacha kusambaa.

Mashabiki wa kujisomea hukisimulia kisa hiki na kukomea hapo. Sehemu ya pili hawaipendi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Hutchins alikamatwa nchini Marekani, na mwaka 2019 alikiri mahakamani kwamba, miaka kadhaa kabla ya ushujaa wake, alishiriki kutengeneza programu ya kuiba taarifa za kibenki. Kipaji alikuwa nacho tangu mwanzo. Mipaka ya matumizi ya kipaji hicho alikuja kuijua kwa gharama kubwa.

Wenye shahada wasishangilie bado. Mwaka 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell na mtoto wa mtaalamu wa usalama wa kompyuta, aliachia katika intaneti programu iliyojinakili yenyewe ikalemaza maelfu ya mashine. Akatiwa hatiani chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1986. Alikuwa na walimu, maktaba na maabara ambazo vijana wetu huziona kwenye picha tu, na bado darasa halikumzuia. Basi tusidanganyane: hakuna njia kati ya hizi mbili inayotoa hakikisho la ustadi, na hakuna inayotoa hakikisho la uadilifu.

Tena, tundu lililoipitisha WannaCry lilikwisha kutolewa dawa. Microsoft ilitoa masasisho ya kuliziba mwezi Machi 2017, miezi miwili kabla ya janga. Kuziba tundu lile hakukuhitaji profesa wala gwiji. Kulihitaji mtu wa kusasisha mashine kwa wakati, na mkuu wa kazi aliyemsikiliza. Kazi ya ulinzi kwa sehemu kubwa ni hiyo: uangalifu wa kila siku usioimbiwa na mtu. Sasa nioneshwe cheti kinachoupima uangalifu huo.

Hapa kwetu tunapima nini? Niliwahi kualikwa katika jopo la usaili la taasisi moja ambayo sitaitaja. Nafasi ilikuwa ya kulinda mifumo yenye taarifa za maelfu ya wananchi. Kwa siku nzima hakuna mwombaji hata mmoja aliyewekwa mbele ya kompyuta. Waliulizwa maana ya maneno, nao wakatoa maana za maneno. Miongoni mwa maombi yaliyoondolewa kabla ya usaili lilikuwamo la kijana aliyetunza mtandao wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka minne. Kosa lake lilikuwa moja, hana shahada. Nilipohoji nilijibiwa kwa sentensi ambayo kila mtumishi wa umma anaifahamu: muundo wa utumishi hauruhusu.

Muundo wa utumishi haukushuka kutoka mbinguni. Umeandikwa na watu, na watu wanaweza kuuandika upya. Isitoshe, dola yetu yenyewe imekwisha kukubali kanuni ninayoitetea. Kwa miaka sasa VETA imekuwa na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi mwashi, seremala au mpishi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti kinachotambulika. Ikiwa tunaweza kumpima mwashi kwa ukuta aliojenga, ni sababu gani ya kielimu inayotuzuia kumpima mlinzi wa mtandao kwa mtandao aliolinda? Mimi sijaiona. Ninachokiona ni hofu ya tabaka la wenye vyeti kulazimika kushindana na wasio navyo.

Wala jambo hili si la kufikirika. Upo mtihani wa kimataifa uitwao OSCP ambao humpa mtahiniwa takriban saa 24 kujaribu kupenya mitambo iliyoandaliwa kwa mazoezi, kisha saa nyingine 24 kuandika ripoti ya alichokifanya. Hauulizi ulisoma wapi. Na sehemu ile ya ripoti ina uzito wake, kwa sababu kuona tundu ni jambo moja, na kumweleza mkurugenzi asiyejua kompyuta kwa nini alizibe leo ni jambo jingine.

Hapo sharti niwageukie pia wauzaji wa ndoto. Mitandao ya kijamii imejaa matangazo ya kozi za wiki kumi na mbili zinazoahidi mshahara wa dola. Huu ni ulaghai. Anayefundishwa kubofya zana asizozielewa atakwama siku zana zitakapobadilika. Itifaki za TCP/IP zilizoanza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983 ndizo zinazobeba barua pepe yako leo. Misingi hudumu, na misingi hujifunzwa polepole. Hilo ndilo jambo ambalo chuo kikuu, kikifanya kazi yake, kinaweza kulitoa kuliko yeyote.

Aidha, neno “bure” litazamwe upya. Kujisomea kunahitaji kompyuta yenye nguvu, bando la kila siku, umeme usiokatika na Kiingereza cha kutosha. Cheti cha CISSP, kinachotajwa sana katika matangazo ya kazi, kina ada ya mtihani inayozidi dola 700 za Marekani na kinadai uzoefu wa miaka mitano. Binti wa mkulima wa Nkasi anayeambiwa “jisomee tu, elimu iko mtandaoni” anaambiwa kwa lugha ya upole kwamba ajitegemee katika ukata wake.

Kisha ipo sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtoza anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sipingi msingi wake, kwani mfumo wa mtu si uwanja wa mazoezi. Ninachopinga ni kwamba sheria hiyo haikuweka kinga mahsusi kwa raia anayeona tundu katika mfumo wa umma na kulitolea taarifa kwa nia njema. Kijana mwerevu hujifunza mapema kwamba kunyamaza ni salama kuliko kusema. Mhalifu hana haja ya kinga hiyo. Anayeikosa ni mwema, na tunaopoteza ni sisi.

Tunapoteza kweli. Mwezi Julai 2023 majirani zetu wa Kenya walishuhudia mfumo wa eCitizen ukishambuliwa, na wananchi wakakwama kupata huduma za serikali. Sisi nasi tumehamishia mtandaoni ankara za maji, kodi, ada za shule, vitambulisho na maombi ya ajira. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zizilinde taarifa zetu. Zitalindwa na nani, ikiwa mlangoni tunauliza karatasi tu?

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma hapa, andika waraka. Pendekeza kwamba kila usaili wa kazi hii uwe na mtihani wa vitendo, na kwamba anayeufaulu bila shahada awe na ngazi yake katika muundo wa utumishi. Ndugu mwanaharakati, dai marekebisho ya sheria yatakayomlinda mtoa taarifa mwema. Hiyo nayo ni haki ya raia. Wahadhiri wenzangu, maabara zetu hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Tuzifungue kwa vijana wa mtaani, wafanye mazoezi chini ya macho yetu, kwenye mitambo yetu, ndani ya sheria, na sisi tuwafundishe ile misingi ambayo hawataipata kwenye matangazo.

Nawe mwanafunzi, ikiwa umo chuoni usijifiche nyuma ya shahada yako, na ikiwa hukupata nafasi ya chuo usikubali kuambiwa kwamba mlango ni mmoja. Dai kupimwa. Anayekataa kukupima kwa kazi yako ndiye anayepaswa kutueleza anaogopa nini.