Shahada Mbili kwa Miaka Mitano: Kinachookolewa na Kinachorukwa

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuanza kozi za uzamili wa afya ya jamii kabla hajavaa joho. Wenyewe huuita mpango huo "nne na moja": miaka minne ya shahada ya kwanza na mmoja wa uzamili, badala ya jumla ya sita iliyozoeleka. Yale na Brown wanao kwa wanafunzi wao, na vyuo vya Tulane na Boston hali kadhalika. Maombi kwa kawaida hupelekwa mwaka wa tatu, wakati mwombaji ana miaka 20 au 21.

Hesabu yake ni nyepesi. Shahada ya kwanza huchukua takriban krediti 120. Uzamili wa afya ya jamii hauwezi kupungua krediti 42; hicho ndicho kiwango cha CEPH, baraza linalotoa ithibati kwa shule za fani hiyo. Njia ya mkato hupatikana kwa kusoma kozi tatu au nne za uzamili katika mwaka wa nne na kuzihesabu pande zote mbili. Krediti 12 zikihesabiwa hivyo, zinabaki 30, yaani 15 kwa kila muhula wa mwaka wa tano. Huo ni mzigo, kwa sababu mwanafunzi wa kawaida wa uzamili hubeba 9 hadi 12. Na kozi za pamoja hupimwa kwa kipimo cha uzamili: alama ya C, ambayo kwenye shahada ya kwanza ingepita kimyakimya, huku juu huweza kumtoa mtu kwenye mpango.

Faida ya fedha ipo, ila si kubwa kama matangazo yanavyoipamba. Kinachookolewa ni ada na kodi ya nyumba ya mwaka mmoja, pamoja na mshahara unaoanza mapema. Lakini ruzuku ya serikali ya Pell, inayolenga wanafunzi wa kipato cha chini, ni ya wale ambao bado hawajapata shahada ya kwanza, na misaada mingi ya vyuo vyenyewe huhesabiwa kwa mihula minane. Mwaka wa tano hutegemea mkopo. Kwa uzamili, mkopo wa kawaida wa serikali una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, na ule wa Grad PLUS uliokuwa ukiziba pengo umefutwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025. Kwa hiyo swali la mzazi, "mwaka wa tano unalipwa na nani?", lina uzito kuliko swali la miaka mingapi.

Hoja nzito zaidi, hata hivyo, iko mbali na pochi. Elimu ya afya ya jamii nchini Marekani haikuanzishwa kwa ajili ya vijana waliotoka sekondari juzi. Ripoti ya William Welch na Wickliffe Rose ya 1915, iliyozaa shule ya Johns Hopkins mwaka uliofuata kwa fedha za Rockefeller, ilikuwa na daktari, mhandisi wa maji na mkaguzi wa usafi akilini: watu wenye fani tayari, wanaorudi darasani kuitazama kazi yao kwa jicho la jamii nzima. Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 2003 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kila mwanafunzi wa chuo aweze kusoma afya ya jamii, na shahada za kwanza za fani hiyo zikachipuka kila mahali. Aliyekwisha kuisoma kwa miaka minne ana haki ya kuuliza kwa nini alipie tena utangulizi uleule. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo nguzo imara kuliko zote za mpango huu.

Kinachorukwa si darasa. Ni ile miaka miwili mitatu ya kazi iliyokuwa katikati ya shahada hizo mbili, na thamani yake huonekana vizuri kwenye zoezi ambalo wanafunzi wa epidemiolojia Marekani wamelifanya kwa miongo mingi. Aprili 1940, katika kaunti ya Oswego, jimbo la New York, watu 80 walihudhuria mlo wa jioni wa kanisa. Wachunguzi waliwahoji 75, na 46 kati yao walikuwa wameugua tumbo. Waliokula aiskrimu ya vanila walikuwa 54, wakaugua 43. Wasioila walikuwa 21, wakaugua 3. Mwanafunzi mwepesi humaliza kwa dakika kumi: karibu asilimia 80 upande mmoja, 14 upande mwingine, mkosaji amepatikana.

Kazi inabaki kwa wale watatu. Waliugua vipi bila kuonja aiskrimu ya vanila? Kijana aliyetoka darasani moja kwa moja hutafuta jibu kwenye fomula. Aliyewahi kushika rejista ya zahanati, au kubisha hodi nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi, hujua kwamba "hapana" kwenye karatasi ina maana nyingi: mtu amesahau, ameona haya, mwenzake amejibu kwa niaba yake, au mhoji alichoka akaweka alama tu. Hujiuliza pia kuhusu wale watano ambao hawakuhojiwa. Ujuzi huo haufundishiki kwa urahisi ndani ya krediti 15 za muhula. CEPH yenyewe inadai kila mhitimu afanye mafunzo kwa vitendo yanayoonyesha umahiri wa aina zisizopungua tano, lakini haitaji idadi ya saa, na hapo ndipo mpango wa haraka hushawishika kubana.

Haifuati kwamba mpango haufai. Takwimu za afya na epidemiolojia ni masomo ya ngazi kwa ngazi, ambayo mapumziko ya miaka mitatu huweza kuyafuta kichwani. Huko, kuunganisha kuna mantiki. Sera na uongozi wa huduma za afya ni habari nyingine. Mwajiri wa nafasi hizo hutafuta mtu aliyekwisha kusimamia watu na bajeti, na mwenye uzamili akiwa na miaka 22 hujikuta amezidi sifa za kazi za chini na kupungukiwa na za juu. Soko lenyewe limebana tangu 2025, wizara ya afya ya Marekani ilipotangaza kupunguza watumishi 10,000 na shirika la USAID likafungwa, hivyo wenye uzoefu wa miaka wamerudi kugombea nafasi zilezile.

Kwa mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Viza ya masomo ya F-1 humruhusu kufanya kazi ya mafunzo miezi 12 kwa kila ngazi ya shahada. Anayeunganisha bila kusimama huwa hautumii muda wa ngazi ya kwanza. Nyongeza ya miezi 24 huwahusu wa fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, na epidemiolojia na takwimu za afya zimo, ila shahada ya jumla ya afya ya jamii haimo.

Tofauti kati ya mpango mzuri na mtego huwa kwenye kifungu kimoja cha kanuni za chuo: shahada ya kwanza hutolewa lini? Kwingine hutolewa mwisho wa mwaka wa nne, na mwanafunzi anaweza kuondoka nayo, au kuomba kuahirisha mwaka wa tano akafanye kazi kwanza. Kwingine zote mbili hutolewa siku moja, mwisho kabisa. Huko, aliyeishiwa fedha au nguvu katikati ya mwaka wa tano anaweza kujikuta ana krediti zaidi ya 130 na bado hana cheti mkononi.