Vitabu vya Kujizoezea Kiholanzi

Tumeletewa barua na binti mmoja wa Mombasa, ambaye mumewe yuko kazini Rotterdam. Asema kwamba amejifunza Kiholanzi kwa muda wa miezi minne na kuhifadhi maneno mengi, walakini akishika gazeti la huko hafahamu hata safu moja. Naye hana budi kufaulu mtihani kabla ya kupewa ruhusa ya kumfuata mumewe. Atuuliza: asome nini?

Swali hili ni zito, kwani maisha ya nyumba nzima yalingojea jibu lake. Mtihani huo uliwekwa na serikali ya Uholanzi mwaka 2006 kwa watu wa nchi nyingi. Hufanywa katika ubalozi wao, na kusoma ni sehemu yake mojawapo. La kumfariji ni kwamba daraja itakiwayo ni ile ya chini kabisa: barua fupi, tangazo, maneno ya kibao. Basi binti yetu si mvivu wala si mjinga. Ameanza mnazi kwa kileleni.

Sote tuliosoma chuoni twakumbuka tulivyoanza: alifu na be, kisha sura fupi moja moja, tukizirudia mpaka ulimi ukazoea. Hapana mwalimu aliyempa mtoto sura ndefu siku ya kwanza. Lugha ngeni nayo yataka kupandwa ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni mafunzo yaitwayo Naar Nederland, yaliyotungwa kwa ajili ya mtihani huo, nayo hupatikana bila malipo. Ya pili ni vitabu vya watoto. Visa vya Jip en Janneke, ambavyo Annie M.G. Schmidt alianza kuviandika gazetini mwaka 1952, ni vifupi na sentensi zake ni nyepesi. Hata Waholanzi wenyewe huuita usemi rahisi “lugha ya Jip na Janneke”. Ya tatu ni Jeugdjournaal, habari za watoto za shirika la NOS zilizoanza mwaka 1981, zielezazo mambo ya dunia kwa maneno mepesi. Akifika hapo, gazeti la watu wazima halitamtisha tena.

Wala mtu mzima asione haya kushika kitabu cha mtoto. Kader Abdolah, mkimbizi wa Iran, alifika Uholanzi mwaka 1988 naye hajui lugha ya nchi ile. Alijifunza kwa vitabu vya watoto, na vya huyo Bibi Schmidt vilikuwa miongoni mwao. Mwaka 2005 alitoa kwa Kiholanzi riwaya yake, Het huis van de moskee, yaani Nyumba ya Msikiti, nayo ikapendwa mno na Waholanzi.

Ama namna ya kusoma, kisa kimoja kwa siku chatosha, lakini kisomwe mara tatu: kwanza bila kamusi, pili kwa kamusi na kalamu, tatu kwa sauti. Ukurasa ukiwa na maneno mageni mengi hata maana ikapotea, auweke, achukue ulio mwepesi zaidi. Atayaona pia mambo ya kumchekesha: hospitali kwao ni ziekenhuis, nyumba ya wagonjwa, na mfuko wa mkono ni handschoen, kiatu cha mkono! Na ishirini na moja wao husema eenentwintig, moja na ishirini, kama Waarabu wasemavyo.

Neno la mwisho ni la mumewe. Asidhani kwamba kupeleka fedha kwatosha. Anunue nakala mbili za kitabu kimoja, moja ampelekee mkewe, na kila usiku wasomeane ukurasa mmoja kwa simu. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kusomeana huko nyumba yao itakuwa imekwisha kuanza kukutana.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi. Amin.