Mkongo Usiwe Njia Nyingine ya Merikani na Shanga

Wapo miongoni mwetu wasomi wanaodai kwamba elimu ya juu ya kompyuta na mawasiliano ya data ni kazi ya Dar es Salaam, na kwamba mtu wa Tabora inamtosha kujua kubonyeza. Hoja yao huja imevikwa joho la busara. Wanasema mikoani hakuna vifaa, hakuna wataalamu, na lugha yetu haina maneno ya kuifundishia elimu hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa Urambo au karani wa Nzega anayejiandikisha kusoma masomo hayo apewe vitabu, akariri, afanye mtihani, apate cheti, mambo yaishe. Hoja hii ni ya hatari na hatuna budi kuipinga waziwazi. Tabora ndipo mahali pafaapo kuipingia, kwa kuwa historia ya mji huu ni ushahidi tosha wa hasara ipatikanayo pale ambapo njia ni yetu na mabega ni yetu, lakini maarifa na faida ni vya wengine.

Tuikumbuke historia hiyo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikafika Ujiji. Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea siku 134 tangu pwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi. Pembe za ndovu ziliteremka pwani, na pamoja nazo ndugu zetu waliotiwa minyororo. Kutoka pwani zilipanda merikani, kaniki, shanga na baruti. Wanyamwezi walikuwa wasafiri na wafanyabiashara hodari, walioijua njia ile kuliko mtu yeyote. Hata hivyo bei ya pembe haikupangwa Unyanyembe. Ilipangwa Unguja, Bombay na London, na wale walioipanga ndio waliotajirika.

Wakoloni wa Kijerumani walifuata mkondo huohuo. Reli yao ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo haikujengwa kwa ajili ya kumkomboa mpagazi. Leo Taifa huru limejenga njia ya tatu. Tangu mwaka 2009 Serikali imekuwa ikitandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na mkongo huo unapita Tabora, unafika Kigoma, na umetuunganisha na majirani zetu, wakiwamo Rwanda na Burundi. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 840 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, iliyowachukua wapagazi miezi mitatu au minne, sasa huchukua sehemu kama nne tu kati ya elfu za sekunde moja. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini swali la karne ya 19 liko palepale: ni nini kinachopanda, ni nini kinachoteremka, na ni nani apangaye bei?

Ikiwa mwananchi wa Tabora atautumia mkongo kupokea tu vitu vilivyotengenezwa na wengine, huku kila hitilafu ikimngoja fundi kutoka mbali na kila programu ikidai ada ya leseni ng'ambo, basi tumeirudisha merikani kwa mlango wa nyuma. Zamani msafara ulilipa hongo kwa kila mtemi uliyepita kwake. Leo ofisi zetu zitalipa hongo ya aina mpya kwa kila mwenye maarifa tusiyokuwa nayo.

Kwa jambo hili tunao mfano wetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Wapo wanaoicheka hatua ile kana kwamba ilikuwa woga wa mambo mapya. Hao hawajui walisemalo. Nchi changa yenye fedha chache za kigeni ilikuwa na kila haki ya kuuliza mitambo ile inamtumikia nani. Lakini ukweli nao usemwe: marufuku ilizuia mashine, nayo haikutupatia wataalamu. Mwaka huohuo wa 1974 Azimio la Musoma lilitaka elimu ya chuo kikuu ifungamane na kazi, kwa kuwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuoni. Fundisho lililo sahihi kwa leo hupatikana tukiyasoma mambo hayo mawili pamoja. Kinga dhidi ya utumwa wa mashine ni kuwa na watu wengi wanaoijua ndani na nje, na watu hao hupatikana kwa elimu inayofungamana na kazi.

Sasa tuzitazame hoja za wapinzani wetu moja moja.

Wanasema Kiswahili hakina maneno wala mifano. Huo ni uvivu uliojificha nyuma ya lugha. Mwanafunzi wa mawasiliano ya data hufundishwa kwamba ujumbe hukatwa vipande vipande, kila kipande kikapewa anwani na namba yake, kikapita kituo hadi kituo, na mwishoni vyote vikaunganishwa upya. Mpokeaji hukiri kupokea, na kipande kilichopotea hutumwa tena. Je, huo si msafara? Mali iligawanywa mizigo, kila mzigo ukapata mbeba wake, na mwisho wa safari mizigo ikahesabiwa. Mwanafunzi hufundishwa pia kwamba njia moja ikifungwa, mtambo huchagua nyingine. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo viliifunga njia ya kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini hadi akafika. Hufundishwa kwamba kituo kikilemewa, ujumbe hukaa foleni. Furushi la barua za Livingstone lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870 lilikwama njiani, likamfikia Ujiji baada ya takriban mwaka mmoja. Mwalimu aliye Tabora na akakosa mifano ya somo hili ana upungufu wa bidii. Kuhusu maneno, wananchi wenyewe wamekwisha kuwatangulia wasomi: kila muuza vocha sokoni anajua kifurushi ni nini. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba jambo hili lawezekana. Hatusemi Kiingereza kitupwe, maana vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa lugha hiyo. Tunasema mwanafunzi aielewe maana kwanza kwa lugha anayoifikiria, ndipo alijue na jina la kigeni.

Wanasema mikoani hakuna vifaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 hasa ili elimu ya juu imfuate mfanyakazi alipo, na walimu na watumishi wa Serikali ni miongoni mwa walionufaika nacho. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kiliwapelekea wanafunzi wake wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio hadi majumbani. Ikiwa sanduku liliweza kufika kijijini kwao kwa posta, kwa nini lisifike Sikonge kwa basi? Sanduku la somo la mawasiliano ya data si mzigo wa kutisha. Linahitaji kompyuta ndogo mbili, waya, koleo la kubania vichwa vya waya, kipimio, na programu huria isiyodai ada ya leseni. Linaweza kuazimwa na kurudishwa kama kitabu cha maktaba. Tena Tabora si jangwa. Mji huu una Chuo cha Reli na tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Reli haiendeshwi bila mawasiliano, na ofisi ya umma haiendeshwi siku hizi bila mtandao. Vyuo hivyo vikishirikiana, kituo kimoja cha mazoezi kitawahudumia wanafunzi wa mkoa mzima.

Mwisho wanasema cheti ni cheti, na mwajiri haulizi kimepatikanaje. Hii ndiyo kasumba mbaya kuliko zote. Somo la kompyuta ambalo mtu aweza kulifaulu bila kugusa waya ni sawa na somo la kilimo bila jembe. Elimu ya Kujitegemea ilikwisha kuihukumu elimu ya namna hiyo mwaka 1967, na aliyeiandika alisoma katika shule ya Tabora na kufundisha katika shule ya St. Mary's mjini humohumo. Mwenye cheti asiyejua kazi hulipwa mshahara na mkulima wa tumbaku na mrina asali wa Sikonge, kisha humwambia mkulima huyohuyo kwamba mtandao uko chini, arudi kesho.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila somo la kompyuta na mawasiliano litolewalo na vyuo vikuu vyetu kwa wanafunzi wa mikoani liwe na mazoezi ya lazima, na asiyeyafanya asifaulu. Pili, mitambo na nyaya zilizopo mkoani zitumike kufundishia, kwa utaratibu na usimamizi unaofaa. Tatu, kila kitabu cha masomo hayo kiwe na maelezo ya istilahi zake kwa Kiswahili fasaha. Nne, mwanafunzi aliye kazini amalize masomo kwa kutatua tatizo moja la kweli la ofisi au shule yake, na kazi hiyo ipewe alama.

Walimu na watumishi wa umma ndio wenye kulisukuma jambo hili, kwa sababu wao ndio wanafunzi na wao ndio watumiaji. Wasingoje kuombewa. Wakidai mazoezi, watapewa mazoezi, na wakiridhika na karatasi, watapewa karatasi. Babu zetu waliibeba mizigo ya wengine katika njia hii kwa sababu hawakuwa na hiari ya kupanga bei. Sisi hiari tunayo, na aliye nayo akikataa kuitumia hana wa kumlaumu.