Mpe Dogo Riwaya ya Kumkesha

Wadau wa Simiyu, leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna mzee mmoja hapa Bariadi mjini, jina tunalihifadhi maana mchele tunanunua kwake, kamnyang'anya kijana wake riwaya ya Willy Gamba. Eti haimo kwenye mtihani. Sasa dogo anashinda kwenye simu, na mzee katulia tuli!

Mimi nasema mzee kachemka. Watoto wetu wakisikia neno riwaya wanawaza dhamira, ujumbe na wahusika. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni kitabu kizuri kabisa, ila mwanafunzi anakutana nacho kalamu mkononi, anawinda maksi. Mtihani ukiisha na kusoma kumeisha. Ndio unakuta mtu ana miaka 30, kitabu cha mwisho kukimaliza kilikuwa cha kidato cha nne.

Kwa wa darasa la sita na la saba, anza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Najua watu wanamwogopa kwa Kiswahili chake kizito, lakini humo kuna majini, kuna mji ambao watu wamegeuka mawe, na kuna manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu anayewapenda. Mtoto gani hatataka kujua kwa nini? Msomee kurasa za mwanzo kwa sauti, zilizobaki atamalizana nazo mwenyewe.

Akiingia sekondari mpe Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kilichapishwa 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Mpelelezi ana kiko mdomoni, silaha yake akili tu.

Willy Gamba wa Elvis Musiba namweka kidato cha tatu kwenda juu. Hapo mzee wa mchele ana hoja kidogo, maana pombe na warembo vimo, so mzazi asome kwanza. (Atakesha yeye, shauri yake.) Lakini Kufa na Kupona, ya 1974, inahusu siri za wapigania uhuru, na Kamati ya Ukombozi ya OAU kweli ilikuwa Dar tangu 1963. Dogo anameza historia huku anadhani anafukuzana na majasusi.

Kinachoniuma ni kwamba katika hivyo vyote hakuna hata kimoja kinachotokea huku kwetu. Tuna Pori la Akiba la Maswa limepakana na Serengeti, tembo wanaingia mashambani Meatu na Itilima, Busega kuna ziwa, na kuna vijana wa miaka 12 wanaochunga ng'ombe karibu na simba. Mtoto wa huku anasoma Dar na Nairobi kana kwamba kwao hakutokei kitu. Walimu wa Kiswahili mnaopita hapa, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023 na riwaya inapokelewa. Mnasubiri nini?

Halafu, mwenye Salamu Toka Kuzimu ya Ben Mtobwa hapa Bariadi aseme kwenye komenti, nitaifuata mwenyewe. Yangu iliazimwa na rafiki, hadi leo kimya.